Bawaba

Fomu iliuliza umri. Nikaandika sitini na tisa,
kwa kukisia, kwani mama alihesabu kwa njaa:
mimi nilikuja mwaka ule nzige walipoacha mabua matupu,
mdogo wangu, mwaka mbegu zilipoliwa.
Karani akasoma, akanitazama, akasoma tena.
"Bibi, ushonaji ni darasa la tatu, kule kivulini."
Nikamwambia: mwanangu, sikuja kushona.
Nimekuja kuchomelea vyuma.

Mlango wangu wa uani unaning'inia kwa bawaba moja
tangu Ndahani atangulie, mwaka wa sita huu.
Mafundi huja. Hupima kwa macho,
huomba nauli, huomba chai,
huahidi kesho isiyo na tarehe.
Mbuzi wanaingia jikoni kama wapangaji.

Ndivyo chuo cha wananchi, hapa Mpwapwa, kilivyonipata.
Jumanne, kabla ya karakana, wazee tunapimwa.
Muuguzi Talaita ananifunga ule mkanda mkononi;
unakaza kama mtu anayedai,
unalegea kama mtu aliyelipwa nusu.
"Mia sitini na nane. Punguza chumvi."
Chumvi! Mimi niliyeikwangua kwa mikono mbugani Bahi,
nikaibeba kichwani, jua limenikalia mabegani,
leo niipe kisogo kama mke mwenza?
Nimepunguza. Mlenda haujanisamehe.

Halafu viti vinapangwa uwanjani,
upepo wa Julai ukitutia vumbi kwenye meno.
Mzee Mbeleje, aliyestaafia stesheni ya Gulwe,
akiambiwa inua mikono, huinua mmoja tu,
imara, kama bado ameshika bendera
na treni ya mizigo inangoja ruhusa yake.
"Kunja goti," anasema mwalimu. "Nyoosha."
Langu linalia, kwii.
Naijua sauti hiyo. Naisikia kila alfajiri,
uani.

Masinjisa yeye anasomea simu.
Miaka yote kijana wa dukani alimsomea jumbe za bintiye,
kijana akazijua homa, madeni, na jina la mchumba
kabla ya baba mtu.
Alhamisi moja kidole kilitembea juu ya kioo
polepole, kama mtu anayevuka korongo la mchanga,
ba-ba u-me-ku-la
akaishia hapo. Hakuna aliyemharakisha.
Akaizima simu, akaiwasha,
akasoma tena, kuhakikisha haujahama.

Na karakana? Mwalimu Nyemo ni kijana wa juzi,
ana ndevu tatu na subira ya punda.
Alinivika kofia ngumu yenye kioo cheusi:
"Usiutazame moto huu kwa macho matupu."
Miaka hamsini nimekaa na moto wa mafiga,
nikiupuliza, nikiusihi, nikilia kwa moshi wake;
huu wa umeme hausihiwi. Unaugusa, unaruka,
kisha unangoja mkono wako utulie.
Mshono wangu wa kwanza ulifanana na mavi ya kuku.
Ndiyo, mshono. Ndivyo wanavyouita.
Sikumwambia karani.

Wiki ya tisa nilirudi nyumbani na bawaba mbili
nimezifunga kwenye kitenge, bado zanuka moto.
Mlango sasa unafunga. Mbuzi wamesimama nje
wakinitazama kama mwenye nyumba aliyepandisha kodi.
Usiku mwingine naamka, kimya kimenizidi,
nakunja goti, nanyoosha,
nipate tu kusikia kitu kikilia.

Jana, jua likiingia nyuma ya Kiboriani,
mtoto wa jirani alikuja na komeo la geti lililokatika,
kalishika kwa mikono miwili kama ndege aliyeumia.
"Hodi! Fundi yupo?"
Nikageuka nyuma, kumtafuta.